Amplifaya ya mazoezi ya chumbani: uanze na ipi ukiwa na hela ya mawazo

Pita jioni kwenye nyumba za kupanga hapa Dar, hukosi kumkuta kijana ana gitaa la umeme zuri tu, kalinunua kwa kujinyima, halafu kalichomeka kwenye sabufa. Kapata kile kijeki cha kupunguza tundu kubwa liwe dogo, waya umeingia pale inapoingia simu, anacharaza. Sauti inatoka, lakini imekufa. Nyuzi nyembamba hazing'ari, nyuzi nene zinavuma kama ngoma iliyolowa. Anaanza kulilaumu gitaa, mwisho anavilaumu vidole vyake. Nimeona zaidi ya mmoja akilitundika gitaa ukutani kwa sababu hiyo, na inaniuma, kwa sababu vidole vile havikuwa na kosa lolote.

Kosa liko kwenye tundu. Pikapu ya gitaa, kile kisumaku cha chini ya nyuzi kinachonasa mlio, hutoa umeme mdogo mno, na inataka kuingia mahali penye ukinzani mkubwa, kwa kawaida omu milioni 1. Tundu la sabufa limetengenezwa kwa ajili ya simu na deki, ukinzani wake ni mdogo kuliko huo kwa mbali sana. Pikapu inaelemewa, na kitu cha kwanza kupotea ni trebo, yaani mng'ao wa sauti za juu. Kisha kuna spika yenyewe. Spika ya amplifaya ya gitaa haipandi juu sana, inakata yale makali ya mwisho, na kukata huko ni sehemu ya mlio tuliouzoea. Sabufa ina vispika vidogo vinavyoachia kila kitu. Chomeka pedali ya distosheni, ile ya kukwaruzisha sauti, humo uone: ni nyuki kwenye kopo.

Kwa hiyo amplifaya ni nusu ya gitaa. Ukiwa na laki kadhaa za kugawa, afadhali gitaa la bei ya kawaida na amplifaya nzuri kuliko gitaa la jina kubwa kwenye sabufa.

Swali la kwanza dukani huwa ni "wati ngapi?", na hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Sikio halihesabu wati. Ili sauti isikike kama imekuwa maradufu, wati zinatakiwa ziongezeke kama mara 10, kwa hiyo amplifaya ya wati 100 inaizidi ya wati 10 kwa sauti kama mara 2 tu hivi, spika zikiwa sawa. Kwenye chumba cha futi 10 kwa 10, wati 3 zinatosha kumfanya jirani agonge ukuta. Mama wa chumba cha pili aliwahi kunigongea saa tatu usiku, mtoto wake ana homa. Nilizima, asubuhi nikaenda kumwomba radhi, na tangu siku hiyo kitu cha kwanza ninachokitafuta kwenye amplifaya yoyote ni tundu la hedifoni.

Cha pili ninachokitafuta ni sauti safi. Amplifaya nyingi ndogo zinauzwa kwa sifa ya kukwaruza, kwa sababu watengenezaji wanawafikiria vijana wa roki. Sisi tunapiga dansi, rumba, benga, kwaya. Solo letu linataka kila noti isimame peke yake, iwe inang'aa, na mwangwi kidogo nyuma yake. Msikilize Mbaraka Mwinshehe anavyolitembeza gitaa: hakuna mahali pa kujificha. Distosheni hulainisha makosa, noti iliyopigwa kwa nguvu na iliyopigwa kinyonge zinatoka karibu sawa. Sauti safi inakuonyesha kila kidole kilichoteleza, na hayo ndiyo mazoezi.

Cha tatu ni betri, na mtu wa hapa hahitaji kuelezwa kwa nini.

Nikiweka hayo matatu mezani, ya kwanza kwangu ni Roland Micro Cube GX. Ni wati 3, spika ya inchi 5, na ukiiangalia utadhani ni kitu cha mtoto. Inatumia betri 6 za AA, zile za saa ya ukutani, na zikiwa nzuri unapiga jioni nyingi kabla ya kuzibadilisha. Ina tundu la hedifoni, ina tundu la kuingizia simu ili upige juu ya wimbo, ina tyuna ndani yake. Lakini kilichonishika ni kile kitufe cha kuchagulia aina za amplifaya, ukikiweka kwenye JC Clean. Hiyo ni sauti iliyoigizwa kutoka kwenye Jazz Chorus, JC-120, amplifaya kubwa waliyoitoa Roland wenyewe mwaka 1975, ambayo hadi leo mtu akizungumzia sauti safi ya gitaa anaanza nayo. Weka hapo, geini (kile kitufe cha kuongeza mkwaruzo) chini, ongeza korasi kidogo, ile inayofanya gitaa moja lisikike kama mawili, na mwangwi kidogo, kisha piga solo kwenye nyuzi mbili nyembamba kabisa kuanzia freti ya 12. Noti zinatoka kama matone ya maji kwenye sufuria. Mara ya kwanza nilirudia kipande kimoja hadi chakula kikapoa.

Ina kasoro, nazo ni mbili. Spika ya inchi 5 haiwezi kutoa uzito wa chini, kwa hiyo mpiga rizimu atahisi gitaa lake limekonda. Na haitashindana na ngoma. Siku ya mazoezi ya bendi utaiacha nyumbani. Kwa chumbani, sijaona ya kuipita kwa pesa yake.

Ya pili ni Boss Katana 50, na ningeipa nafasi ya kwanza kama isingekuwa bei. Boss ni watoto wa Roland, ukoo mmoja. Hii ni amplifaya ya kweli, wati 50, spika ya inchi 12, ukiifungua sauti kwenye kanisa la ukubwa wa kati inatosha. Sababu ya kuitaja kwenye mambo ya chumbani ni swichi moja: unaweza kuishusha hadi nusu wati. Spika inabaki ile ile ya inchi 12, kwa hiyo unapata unene wa mlio bila kumwamsha mtu. Ila ina uzito wa zaidi ya kilo 11, haina betri, na bei yake ni kama Micro Cube moja na nusu au zaidi, kutegemea unanunulia wapi. Kama unapiga kanisani kila Jumapili na huna amplifaya kabisa, subiri miezi mitatu uongezee, ununue hii mara moja. Kununua ndogo leo na kubwa mwakani ni kulipa mara mbili.

Nafasi ya tatu naziweka mbili pamoja, Fender Frontman 10G na Vox Pathfinder 10. Zote ni wati 10. Ya Fender ina spika ya inchi 6, ya Vox inchi 6.5. Hazina mwangwi, hazina korasi, hazina kompyuta ndani: unachomeka, unapiga. Zote zina hedifoni. Fender ina tundu la simu, Vox haina. Kwa masikio yangu Vox ina mlio mtamu zaidi geini ikiwa katikati, unakwaruza kidogo tu kama sauti ya mtu aliyeamka; Fender ni safi zaidi na kavu zaidi. Hizi ndizo ninazomshauri mzazi anayemnunulia mtoto, au mtu mwenye pedali ya mwangwi tayari, maana zinapokea pedali vizuri. Hazitumii betri, na hilo ndilo lililozishusha.

Ya nne ni Boss Katana Mini. Wati 7, spika ya inchi 4, betri 6 za AA, nyepesi unaibeba kwenye begi la shule. Ina mwangwi mzuri wa ndani. Wengi wangeipandisha juu. Mimi nimeishusha kwa sababu adapta yake inauzwa kando, na watu hugundua hivyo wakiwa wameshafika nyumbani, na betri zake haziendi mbali kama za Micro Cube.

Ukiwa huna hata ya hizo, kuna Vox amPlug. Ni kidude cha ukubwa wa kiberiti kilichonenepa kidogo, unakichomeka moja kwa moja kwenye tundu la gitaa, kinatumia betri 2 za AAA, sauti inatoka kwenye hedifoni tu. Ziko za aina kadhaa. Chukua ya Clean au ya AC30, acha ya Metal. Mwanafunzi wa bweni hana chaguo bora. Ubaya wake ni kwamba hedifoni mbovu zitakupa mlio mbovu, na kwamba ukipiga kwa hedifoni miezi sita mfululizo unasahau jinsi sauti inavyojaza chumba. Siku ya kupiga mbele ya watu mkono unakuwa mgeni.

Yamaha THR10II inasifiwa, na sifa ni za haki, lakini bei yake haimo kwenye mjadala wa hela ya mawazo. Amplifaya za Spark zinafanya mambo mengi mno kupitia simu. Kama simu yako ni ya shida, nusu ya ulicholipia hutakitumia. Amplifaya za valvu, zile za taa za kioo ndani, niziache, zinapendeza zikifunguliwa sauti, na nyumba ya kupanga haikuruhusu kuzifungua.

Sasa voltiji, na hapa naomba usome polepole. Vifaa vingi vya muziki vinavyokuja kwetu vikiwa vimeshatumika vinatoka Japani, ambako umeme ni volti 100, au Marekani, volti 120. Tanzania ni 230, Kenya 240. Miaka kadhaa nyuma nilinunua amplifaya ya mtumba, nzuri, ngozi yake haina mkwaruzo, muuzaji ameibadilishia plagi ikawa ya pini tatu kama zetu. Niliichomeka nyumbani. Taa ilikolea kuliko kawaida kwa kama sekunde mbili, spika ikaguna, kisha ikaja ile harufu ya vanishi iliyoungua ambayo fundi redio yeyote anaijua. Transfoma ilikuwa imekwenda. Kibandiko cha nyuma kilikuwa kimeandikwa 100V muda wote huo, mimi niliangalia plagi tu.

Soma kibandiko. Kama ni ya kuchomeka moja kwa moja ukutani na imeandikwa 100V au 120V, utahitaji transfoma ya kushusha, na bei yake iingize kwenye hesabu kabla ya kufurahi. Kama inatumia adapta, soma adapta: ikiandikwa INPUT 100-240V, iko salama. Na adapta ikipotea, usichukue yoyote inayoingia tundu. Roland na Boss wanaweka hasi katikati ya kipini, wakati adapta nyingi za mtaani zina chanya katikati. Kuna kamchoro kadogo ka duara kwenye kibandiko kanaonyesha hilo. Kiangalie kwenye amplifaya, kiangalie kwenye adapta, vifanane.

Ukifika dukani, Kariakoo hapa Dar au Luthuli Avenue kule Nairobi, nenda na gitaa lako na waya wako. Usikubali muuzaji akupigie. Washa amplifaya bila kupiga kitu, geini sifuri, volyumu nusu, sogeza sikio: mvumo mdogo ni kawaida, mngurumo wa kutikisa si kawaida. Zungusha kila kitufe taratibu. Kikichakacha kina vumbi, kinasafishika, lakini punguziwa bei. Bonyeza jeki ya gitaa kidogo kwa kidole juu na chini. Sauti ikikatika, tundu limelegea. Kisha shusha volyumu hadi pale utakapopigia usiku, chini kuliko maongezi ya watu, na hapo upige dakika tano nyimbo unazozijua. Amplifaya nyingi zinapendeza zikipaa. Wewe unanunua ile inayopendeza hapo chini. Mwisho chomeka hedifoni zako mwenyewe uhakikishe spika inanyamaza kabisa, masikio yote mawili yanapata sauti, na ndipo utoe pesa.