Tathmini ya Bodi Kutoka Nje: Jicho Kali, Ulimi Mlaini

Huduma ya washauri wa nje wanaotathmini bodi za wakurugenzi ilipata msukumo mkubwa mwaka 2010, Uingereza ilipozitaka kampuni kubwa za soko lake la hisa zifanyiwe tathmini hiyo angalau mara moja kila miaka mitatu. Nikiwa katibu wa bodi, niliifuatilia kwa karibu ilipotufikia, na naona inastahili gharama yake, ila kwa sharti.

Dodoso la mwanzo halikuwa na jipya, kwani karibu kila mjumbe alijipa alama za juu. Thamani ya huduma ilionekana mshauri alipokaa kikaoni kimya akitazama uamuzi unavyofikiwa. Hapo ilidhihirika kwamba mwenyekiti alikuwa akitoa msimamo wake kwanza, na baada yake wajumbe waliuliza maswali ya kuomba ufafanuzi tu. Kwamba makabrasha yalifika yakiwa yamechelewa, tena manene kiasi cha kulifukia jambo lenyewe la kuamuliwa. Na kwamba taarifa za menejimenti zilimaliza muda, hata suala la mrithi wa mtendaji mkuu likaahirishwa tena. Mshauri alipendekeza mwenyekiti aseme mwisho, na kila waraka uanze na ukurasa mmoja unaotaja uamuzi unaoombwa, njia mbadala zilizokataliwa na sababu zake. Ukurasa huo peke yake umebadilisha mijadala yetu.

Mfano alioutumia mshauri katika warsha yake kwa bodi nao ulichaguliwa vizuri. Mwaka 1999 bodi ya kampuni ya nishati ya Marekani ya Enron, yenye wajumbe wa sifa kubwa, iliweka kando kanuni zake za maadili ili mkuu wa fedha aendeshe ubia uliofanya biashara na kampuni hiyohiyo, licha ya mgongano wa maslahi uliokuwa wazi. Mwaka 2001 kampuni ikafilisika.

Ripoti ndiyo iliyoniudhi. Rasimu ilipelekwa kwanza kwa mwenyekiti, ambaye ndiye aliyemchagua mshauri na kuidhinisha malipo yake, na maneno "hutawala mjadala" yakarudi yakiwa "huchangia uzoefu mpana". Kwa hiyo sharti langu ni kwamba mshauri ateuliwe na wajumbe huru, rasimu iwafikie wajumbe wote siku moja, na mkataba utaje ziara ya ufuatiliaji, ambayo sisi hatukuipata kwa kuwa haikuandikwa popote.