Exact Audio Copy: Programu Inayokuambia Ukweli Kuhusu CD Zako

Hamjambo watazamaji, karibuni. Leo tunaichambua Exact Audio Copy, wenyewe wanaiita EAC, programu ya Windows ya kutoa nyimbo kwenye CD na kuziingiza kwenye kompyuta. Ni ya bure kwa matumizi ya nyumbani, imetengenezwa na Mjerumani Andre Wiethoff, na sura yake ni ya zamani kweli kweli, vitufe vidogo na madirisha ya kijivu. Msiihukumu kwa sura. Mwenye kabati la CD za taarabu, za dansi au za kwaya, hii ndiyo programu ninayomshauri aanze nayo.

Kwanza tuielewe CD yenyewe. Kila sekunde moja ya muziki imegawanywa vipande 75, na kila kipande kina baiti 2,352. CD ya mafaili hutumia 2,048 tu kati ya hizo kubeba mafaili, na sehemu ya zinazobaki ni ya kusahihisha makosa. CD ya muziki hujaza sauti kipande kizima. Usahihishaji wa tabaka la chini upo, lakini mkwaruzo ukiushinda, draivu inakisia: inaangalia sampuli, yaani kipimo kimoja kidogo cha sauti, iliyotangulia na inayofuata, inaziba pengo. Kwenye deki ya sebuleni hilo ni jambo jema, wimbo haukatiki. Kwenye kunakili ni balaa, maana kisio linahifadhiwa kana kwamba ndiyo wimbo, na hupewi taarifa yoyote. Utakuja kulisikia hilo "tik" katikati ya zumari wakati CD yenyewe umeshaigawa.

EAC ikiwa kwenye hali yake ya Secure husoma kila kipande angalau mara mbili na kulinganisha. Visipofanana, inarudia kwa mafungu ya mara 16, na inataka 8 kati ya 16 zitoe jibu moja. Mahali pabaya sana panaweza kusomwa hadi mara 82. Kwa hiyo ukisikia draivu inapunguza kasi, inanguruma, inarudi nyuma, usiitoe CD. Iko kazini.

Draivu sasa. Laptopu za siku hizi hazina tundu la CD, kwa hiyo utanunua ile nyembamba ya USB. LG, ASUS, zote zinafaa, na hakuna sababu ya kulipia zaidi kwa ajili ya kasi, kwa sababu kazi hii haitaki kasi. Angalia umeme. Mlango wa USB 2.0 kwa kiwango chake hutoa miliampia 500, na draivu inapoanza kuzungusha diski inaweza kutaka zaidi ya hapo. Ikigonga "tak, tak" na CD haitambuliwi, usikimbilie kusema imekufa. Itoe kwenye habu, ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, ikiwezekana mlango wa nyuma kama ni ya mezani. Zenye waya wa vichwa viwili vya USB, chomeka vyote viwili.

Tuingie kwenye mipangilio. Weka CD safi, bonyeza F10, yaani mipangilio ya draivu, chagua Secure, kisha kitufe cha kupima uwezo wa draivu. Jibu la kuangalia sana ni kama draivu inahifadhi sauti kwenye kumbukumbu yake ya muda, na nyingi zinafanya hivyo. Tiki ya hapo isipowekwa, programu ikiomba kusoma mara ya pili, draivu inakabidhi kile kile ilichokishika mwanzo bila kugusa diski, na kulinganisha kote kunakuwa kiini macho. Weka tiki. Ile ya C2, ambayo draivu yenyewe ndiyo inayotoa taarifa za makosa yake, iache wazi. Baadhi ya draivu hazisemi kweli hapo.

Kuna kitu kinaitwa offset. Kila aina ya draivu huanza kusoma sampuli kadhaa kabla au baada ya mahali halisi. Nyingi utakuta +6, na sampuli 6 kati ya 44,100 za sekunde moja hakuna sikio litakalozisikia. Kazi yake ni kwamba ikishawekwa sawa, nakala yako inaweza kulinganishwa na za watu wengine duniani kupitia AccurateRip, hazina ya mtandaoni ya namba za ukaguzi. Ukiweka CD inayojulikana sana, EAC itaitambua na kukuwekea namba yenyewe. Mara moja tu, basi.

F11 ni ya aina ya faili. Chagua FLAC. Dakika moja ya CD bila kubanwa ni kama megabaiti 10.6. FLAC huishusha hadi karibu nusu au zaidi kidogo bila kupoteza hata biti moja, kwa hiyo albamu ya dakika 50 itakaa kwenye megabaiti 300 na kitu. CD 300 ni kama gigabaiti 100, na diski ya nje ya kawaida inazimeza. Viwango vya 0 hadi 8 vya FLAC havibadilishi ubora, vinabadilisha tu muda wa kubana na ukubwa wa faili. Weka 8, usahau.

Halafu chagua nyimbo zote, bonyeza Shift na F6. Programu inasoma kila wimbo mara ya kwanza kwa kupima, mara ya pili kwa kunakili. CD safi hesabu nusu saa.

Sasa angalieni hapa kwenye skrini, hii ndiyo sababu ya video nzima. Mwishoni inatoka ripoti. Chini ya kila wimbo kuna namba mbili za ukaguzi, herufi na tarakimu nane nane, moja ya kupima na moja ya kunakili. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu: zinafanana, ubora asilimia 100 au 99.9, na zote mbili ni sawa, kwa sababu 99.9 maana yake ilirudia kusoma mahali fulani ikapata jibu. Tazama wa nne. Namba hazifanani, na chini yake imeandikwa muda, mahali penye mashaka. Nenda sekunde hiyo hiyo, vaa hedifoni, sikiliza. Hakuna haja ya kurudia albamu nzima, rudia wimbo huo.

CD nyingi zilizotolewa Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa hazimo kwenye hazina ya AccurateRip, kwa hiyo usishtuke ukiambiwa diski haijulikani. Hapo shahidi wako ni hizo namba mbili, na ndiyo maana sikubali mtu kuiruka hatua ya kupima eti kuokoa dakika kumi.

Wimbo ukigoma, osha. Maji na tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, futa kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Ukifuta kwa kuzungusha, mkwaruzo utakaouacha utafuata njia ya nyimbo, na usahihishaji hauwezi kuvumilia mkwaruzo mrefu wa namna hiyo. Petroli na thina, hapana. Kisha inyanyue CD kwenye mwanga namna hii. Mnaona vitobo vidogo vinavyopitisha mwanga? Hivyo viko upande wa picha. Wengi wanalinda upande unaong'aa, kumbe huko kuna plastiki ya milimita 1.2, lakini upande wa picha tabaka la kuakisi liko chini ya vanishi nyembamba tu. Pakikwanguka hapo, data imeondoka. Mikwaruzo ya chini tu, jaribu draivu nyingine kabla ya kuisugua kwa dawa ya mswaki. Draivu mbili hazioni diski moja sawasawa.

Kuna diski ambazo EAC haizitaki kabisa, na kwetu ndizo nyingi. Zile za mtaani zenye nyimbo 100 na zaidi ni za MP3, mafaili ya kawaida: fungua, nakili, usizigeuze kuwa FLAC, hutaongeza ubora, utajaza diski bure. Na VCD za taarabu na injili, mle ndani kuna folda ya MPEGAV yenye mafaili ya DAT. Sauti yake ni MP2 ya kilobiti 224 kwa sekunde, na unaweza kuitoa bila kuibana upya kwa ffmpeg, programu inayoendeshwa kwa kuandika amri: ffmpeg -i AVSEQ01.DAT -vn -c:a copy wimbo.mp2. Diski za kuchoma ndizo za kuanza nazo, kabla ya za kiwandani, kwa sababu rangi inayoshika data huchakaa, hasa kwenye joto na jua.

Kupanga maktaba ndiko kunakochosha kweli. CD ya muziki kwa kawaida haina majina ya nyimbo, kompyuta huyatafuta kwenye intaneti kwa kuangalia urefu wa nyimbo. Tumia MusicBrainz Picard, programu ya kuweka majina kwenye mafaili ya muziki, nayo ni ya bure. Ila kwa muziki wetu usibonyeze "hifadhi" kabla ya kusoma. Bendi moja, NUTA Jazz, ilikuja kuwa JUWATA, ikawa OTTU, ikawa Msondo Ngoma, majina matatu ya kwanza yakifuata ya chama cha wafanyakazi kilichoimiliki. Franco naye utakuta OK Jazz, TPOK Jazz, T.P. O.K. Jazz, na simu yako itawaona kama wasanii watatu. Picard ina tiki ya kutumia jina moja rasmi kwa kila msanii. Mimi nashauri hivi: kwenye sehemu ya msanii wa wimbo acha jina lililoandikwa kwenye kava, maana ndiyo historia, na kwenye msanii wa albamu weka jina moja ulilolichagua. Albamu za mchanganyiko, msanii wa albamu awe "Wasanii Mbalimbali" kwa nyimbo zote, la sivyo albamu moja itapasuka vipande 14.

Folda: msanii, ndani yake mwaka na albamu, ndani yake namba ya wimbo yenye tarakimu mbili, 01 si 1. Picha ya kava, piga iliyo mkononi mwako ikiwa mtandaoni hakuna. Pikseli 1,000 kwa 1,000 zinatosha.

Ya gari, tengeneza MP3 kutoka kwenye FLAC, flashi iwe imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, na unakili folda kwa mpangilio, kwa sababu redio nyingi hucheza kwa kufuata faili lililoingia kwanza.

Nakala ya pili iwe kwenye diski nyingine, nyumba nyingine. Kila faili la FLAC limebeba ndani yake alama ya MD5 ya sauti yake, na amri ya flac -t husoma faili na kukuambia kama bado ni zima. Endesha ukaguzi huo kabla ya kusasisha nakala, si baada, ili faili bovu lisije likaandikwa juu ya zima.