Mission: Impossible – Fallout: muvi tamu, na muziki wake ndo balaa

Jamani, kama hii muvi mliitizama kwa spika ya simu basi bado hamjaitizama. Fallout ya 2018, ile ya sita kwenye hizi Mission: Impossible, ndo muvi ya majasusi iliyonikosha kuliko zote, na nusu ya raha yake iko masikioni. Watu wakiizungumza wataja Tom Cruise na helikopta, Tom Cruise na pikipiki, sawa, hata mimi nitayataja, lakini kuna bwana aitwa Lorne Balfe, mtu wa Scotland, ndiye aliyetunga muziki, huyo hatajwi na mtu na ndiye aliyenifanya nikae kitako mpaka majina ya mwisho kabisa yakaisha kupita.

Hadithi nitaipita haraka nisije nikawaharibia. Yaendelea moja kwa moja kutoka ile ya 2015, Rogue Nation. Dairekta ni yule yule Christopher McQuarrie, adui Solomon Lane ni yule yule wa sauti ya kukwaruza, na Ilsa, yule jasusi wa kike, naye karudi. Kuna plutoniamu ya kutengenezea mabomu ya nyuklia imepotea, na imepotea kwa sababu Ethan Hunt, ambaye ni Tom Cruise, ilimbidi achague baina ya mzigo na roho ya rafiki yake Luther, akachagua rafiki. Sasa muvi nzima ni kulipa deni la ule uamuzi. CIA, shirika la ujasusi la Marekani, hawamwamini tena, wampachika mtu wao, Walker, ambaye ni Henry Cavill na masharubu yake, amfuate kila aendako. Hapo katikati kuna kugeukana, kuna sura za bandia, utajikuta wauliza huyu sasa yuko upande gani. Kama hukuiona ya 2015 utapata tabu kuifuata, hilo ni kosa lake, na pia ni ndefu, dakika 147, kwa hivo usiianze saa nne usiku na kesho una kazi.

Sasa tuje kwenye muziki. Ule mdundo wa asili mwaujua nyote hata kama mtunzi wake hamumjui, ni Lalo Schifrin, mzaliwa wa Buenos Aires, aliutunga kwa ajili ya kipindi cha televisheni kilichoanza 1966. Utamu wake uko kwenye hesabu. Nyimbo nyingi tunazozisikia zahesabika nne nne, huu wahesabika tano. Jaribu kuugonga kwa vidole juu ya sinia: refu, refu, fupi fupi, refu, refu, fupi fupi. Kila ukidhani umeushika wakuponyoka, mguu wabaki hewani, na ndo maana mwili wakosa utulivu wahisi kuna jambo laja. Halafu kuna kitu wapenzi wa hizi muvi hukipenda sana, kwenye zile alama za Morse, za simu za zamani, za nukta na mistari, herufi M ni mistari miwili na I ni nukta mbili, yaani refu refu, fupi fupi. Mission Impossible yenyewe hio!

Balfe alipoushika hakuucheza vile vile kama alivyoukuta. Pale mwanzo fyuzi inapowashwa na majina yapita akupa kitu kizima, shiba yako, lakini baada ya hapo mara nyingi akuonjesha tu. Mara tuni imeondolewa kabisa zimebaki ngoma za bongo zapigwa mbio mbio, mara ile tuni yachukuliwa na matarumbeta mazito polepole mpaka karibu usiijue, mara fidla zadokoa vipande viwili vitatu na kuviacha. Wewe hapo ushajawa na hamu, wamngoja aitoe yote, na yeye haitoi mpaka Hunt mwenyewe awe kwenye hali ya kuistahiki.

Juzi tuliirudia juu ya dari kwa binamu yangu hapa Lamu, upande wa Langoni, manake ukumbi wa sinema hatuna basi tulijitengenezea, projekta ndogo, shuka jeupe ukutani, spika mbili kubwa za kuazima, na upepo wa kusi ukija shuka lote lacheza na Paris yacheza nalo. Tulisitisha kwa swala ya Isha tukarudi. Ami yangu naye alikuja akakaa na kikombe chake cha kahawa. Yeye ni mtu wa taarabu, kapiga fidla kwenye maharusi miaka na miaka, muvi za bunduki hana haja nazo kabisa, alikuja kwa ajili ya upepo tu. Ikafika ile sehemu ya kuruka kutoka kwenye ndege usiku, kwenye albamu yaitwa Free Fall. Ami akaweka kikombe chini. Nikamuuliza, "Ami, wazisikia fidla zile?" Akanambia, "Nyamaa mwanangu, wacha tusikize." Ilipoisha ndo akanieleza, wale wa juu wapiga mbio lakini hawaendi popote, warudia pale pale, wanaokuvuta ni wale wa chini wenye sauti nene, wao wapanda pole pole na wewe hujui kama umeshachukuliwa. Wallahi nilikuwa nimeisikiliza ile sehemu mara nyingi na sikuwahi kuigundua hio. Baada ya hapo hakuondoka tena mpaka mwisho.

Na ile ruka si ya kompyuta. Kwenye hadithi ni anga ya Paris, lakini waliipigia Abu Dhabi, Tom Cruise karuka mwenyewe kutoka futi 25,000, tena walitaka mwanga wa magharibi jua lishazama na mwanga ule haukai ila dakika chache kwa siku, ukikosea ni mpaka kesho. Aliruka mara 106 ndo wakapata walichokitaka. Na mbele yake kuna mpiga picha naye yuko hewani vile vile, kamera iko kwenye helmeti. Mimi huyo ndiye naona apewe zawadi.

Lakini sehemu iliyonifanya nimheshimu mtunzi ni ile ambayo muziki haupo. Kule chooni Paris, ile ngumi ya watu watatu, Hunt na Walker na yule jamaa mwenye suti aliyewachapa wote wawili. Hakuna fidla wala ngoma. Wasikia pumzi, viatu vyateleza kwenye sakafu, vioo, vigae vyavunjika, bomba lang'oka ukutani. Uko na okestra nzima, na waiambia inyamaze! Na kisha mbele kidogo wafanya kinyume chake, pale Hunt afikiria itakavyokuwa wakimpokonya Lane mikononi mwa polisi na polisi wakauawa njiani, risasi zapigwa huzisikii, watu waanguka huwasikii, ni muziki peke yake, wa huzuni, kama matanga. Sehemu mbili karibu karibu, moja sauti bila muziki na nyingine muziki bila sauti, na zote mbili zauma.

Ndo maana nawasihi, hii msiitizame ile iliyotafsiriwa na deejay. Nazipenda zile, nimekua nazo, zanipa raha sana kwenye muvi za Kihindi na za karate, lakini deejay hanyamazi, na hii muvi yataka kimya chake. Akishaongea juu ya ile ngumi ya chooni basi imekwisha. Vile vile jihadharini na zile kopi zilizobanwa mpaka zikawa ndogo kabisa zitoshee kwenye flash, picha waweza kuivumilia lakini besi yote imekatwa, wabakia na kelele za juu tu.

Ile mbio ya London juu ya mapaa, Stairs and Rooftops, sikilizeni vile ngoma hazimpi nafasi ya kupumua. Hapo ndipo Tom Cruise alipovunjika kifundo cha mguu 2017, karuka kutoka jengo moja hadi jingine mguu ukagonga ukuta, na ile picha wameiacha ndani ya muvi, mtamuona ajivuta ainuka achechemea. Kujua kwamba pale mguu umevunjika kikweli kweli huku ngoma zaendelea kumkimbiza, mimi tumbo lilinikaza. Na zile helikopta za mwisho, hadithi yasema Kashmir, ni milima ya New Zealand, na rubani ni yeye mwenyewe. Kwa kuitizama ni ya ajabu, ila kwa masikio pale mimi nilichoka kidogo.

Na hilo ndo lawama yangu kwa Balfe. Amefanya kazi miaka mingi na Hans Zimmer na wasikia, apenda uzito, yale matarumbeta ya chini yakinguruma yakinguruma mpaka robo ya mwisho kila kitu ni kikubwa, na kikiwa kila kitu ni kikubwa hakuna tena cha kukushtua. Ile ya 2015 iliyotungwa na Joe Kraemer ilikuwa nyepesi zaidi, ina mchezo, ina ujanja, na ile tuni ya pili ya Schifrin, ile ya kupanga njama, Kraemer aliifurahisha vizuri zaidi. Pia kuna maneno ya Benji, mwenzake Hunt, nimeyakosa, muziki umeyafunika. Lakini kwa nguvu, kwa kukushika shingo, Balfe kamshinda. Na akafika kwenye Cutting on One, ile ya kukata waya wa bomu, hapo alirudi kwenye akili yake, mdundo wazidi kukaza, wazidi kukaza, na wewe huna pumzi.

Nawapa tisa kwa kumi. Watoto wadogo wekeni mbali, ngumi zake ni za kuumiza na damu ipo. Ukimaliza muvi itafute albamu usikilize kwa hedfoni nzuri, iko kwenye Spotify, na usianze wimbo wa kwanza, anza Free Fall kisha Stairs and Rooftops, ukishazoea ndo urudi mwanzo. Ami yangu nimeshamuwekea kwenye simu, sasa akiniona aniuliza hio ya 2015 tutaitizama lini.