Wiki 10 za darasa la Wafilipi mjini Goma: maoni ya mshonaji

Nimemaliza wiki 10 za darasa la Biblia juu ya Barua kwa Wafilipi, linalofanyika kila Jumatano katika kanisa moja la Kiprotestanti la mtaa wa Katindo, hapa Goma. Kwa kuwa wateja wangu watatu wameshaniuliza kama darasa lenyewe linastahili muda wa mtu, nimeona heri niandike maoni yangu mara moja kuliko kuyarudia kila siku nikiwa nimebana pini midomoni. Jina la kanisa sitalitaja, kwa sababu ninayo pia malalamiko, na wanaotaka kujiunga nitawaelekeza wakija dukani.

Darasa huanza saa kumi na nusu jioni na kuisha saa kumi na mbili, kabla giza halijaingia, maana kutembea usiku katika mji wetu si jambo la kumshauri mtu. Ada haipo, mtu hununua kijitabu tu kwa franka 5,000, na asiyekuwa nazo hupewa bila kuulizwa. Tulianza watu zaidi ya 40, tukamaliza 26. Mada iliyobandikwa mlangoni ni namna kukua katika kumjua Mungu kunavyozidisha upendo wa Kikristo, na nakiri kwamba maneno hayo yalikaribia kunirudisha nyumbani. Miaka michache iliyopita nilihudhuria semina ya siku tatu yenye mada inayofanana na hiyo, katika ukumbi wa hoteli moja ya hapa mjini, kwa dola 20, chai na cheti vikiwemo. Cheti nilikitundika juu ya cherehani yangu. Kilikuwa bado kinanukia wino nilipoacha kusalimiana na shemeji yangu kwa ajili ya deni la mabati, na katika kurasa zote nilizoandika kwenye semina ile hapakuwa na neno hata moja lililonizuia.

Mwalimu wa darasa hili ni mama wa makamo aliyesomea teolojia, ambaye sote tulimwita Mama Mwalimu. Jioni nzima ya kwanza aliitumia kwa mstari mmoja, Wafilipi 1:9, ambamo Paulo anawaombea Wafilipi kwamba pendo lao lizidi kuwa jingi sana katika hekima na ufahamu wote. Alitutaka tuangalie kwamba Paulo hatangulizi ujuzi, kisha upendo ukaja kama zawadi ya waliofaulu mtihani. Kinachokua ni upendo wenyewe, na kumjua Mungu ndimo unamokulia. Tena watu anaowaombea hawakuwa wakavu wa upendo. Walikuwa wamemtuma Epafrodito na msaada hadi kwenye kifungo cha Paulo, naye aliugua karibu kufa kwa ajili ya utumishi huo. Hata hivyo, katika sura ya 4, Paulo analazimika kuwasihi Evodia na Sintike, wanawake walioishindania Injili pamoja naye, wawe na nia moja. Kanisa lililojua kutoa, basi, lilikuwa bado halijajua kupatana. Mimi mtu wa vitambaa nilifurahi pia kukumbushwa kwamba katika mji wao wa Filipi mtu wa kwanza kutajwa kuamini ni Lidia wa Thiatira, muuza rangi ya zambarau, ingawa sikupewa nafasi ya kuuliza habari za bei zake.

Jioni ya pili ndiyo iliyonikamata. Mama Mwalimu alieleza kwamba neno ambalo Biblia ya Union imeliandika hekima ni epignosis kwa Kigiriki, yaani kumtambua mtu kwa undani, wala si kusikia habari zake tu. Na neno lililoandikwa ufahamu ni aisthesis, ambalo katika Agano Jipya lote linapatikana mahali hapo peke yake, na asili yake ni kuhisi: kuona, kusikia, kugusa. Hapo sikuhitaji kamusi. Mteja akiniletea kikwembe, macho yangu yanaweza kudanganywa na rangi, lakini nikikisugua kati ya kidole gumba na cha shahada najua kama kitachuja au kitarudi kikifuliwa, na ujuzi huo sikuupata kwa kusoma maandishi ya pembeni mwa kitambaa. Upendo anaouomba Paulo, alisema, una vidole vya namna hiyo: unajua kwamba huyu anahitaji kukemewa, yule kunyamaziwa, na mwingine kupewa bugali kabla ya neno lolote. Ndiyo maana mstari wa 10 unaendelea na kuyakubali yaliyo mema, ambako katika Kigiriki kuna kazi ya kupima mambo yanayotofautiana.

Kijana mmoja alipinga, na alikuwa na haki ya kupinga: je, Paulo huyohuyo hawaambii Wakorintho kwamba ujuzi huleta majivuno, bali upendo hujenga? Mama Mwalimu alimwomba asome mistari miwili inayofuata, ambamo anayedhani anajua huambiwa kwamba hajui bado kama impasavyo kujua, naye ampendaye Mungu huyo amejulikana naye. Ujuzi unaojivuna, alisema, ni ule uliosahau kwamba mjuzi mwenyewe anajulikana. Jibu hilo lilikuwa zuri, ila somo lenyewe tulilipata wiki iliyofuata, pale kijana huyohuyo, anayeijua mistari yote kwa namba, alipomkatiza mama mmoja mzee aliyesema kwamba maneno ya Yohana ni ya Petro. Kijana alikuwa sahihi. Mama alinyamaza hadi mwisho, na wiki ya 4 hakuja. Mama Mwalimu hakuhubiri juu ya jambo hilo; alimkabidhi kijana kijitabu cha yule mama, kilichosahaulika juu ya benchi, ampelekee kwake Majengo. Wiki ya 5 waliingia pamoja, kijana amechafuka magoti na kulowa bega moja, kama mtu aliyetoka kubeba bidoni ya maji kwenye mawe ya volkeno. Hakuna aliyeuliza kitu.

Wiki hiyo ya 5 tuliacha Wafilipi kidogo tukasoma Yeremia 22. Mfalme Yehoyakimu anajijengea nyumba kubwa yenye vyumba vipana, madirisha na mbao za mierezi zilizopakwa rangi nyekundu, na waliomjengea hakuwapa ujira. Kisha anakumbushwa baba yake, Yosia, aliyewaamua kwa haki maskini na wahitaji, na Bwana anauliza kama huko siko kumjua yeye. Nimesoma Biblia tangu utoto, na swali hilo nilikuwa nimelipita kama mtu anavyopita kibao cha njia anayoizoea. Mama Mwalimu alitahadharisha, nami namshukuru kwa hilo, kwamba nabii hasemi matendo mema yanachukua nafasi ya maombi na Neno: Yosia ndiye mfalme aliyesomewa kitabu cha Torati kilichopatikana hekaluni, akayararua mavazi yake kwa aliyoyasikia. Aliposikia, alimjua Bwana. Alipomjua, maskini walipata mwamuzi. Akatupeleka pia Kutoka 3:7, ambamo Mungu anasema ameyaona mateso ya watu wake, amekisikia kilio chao, na anayajua maumivu yao. Kama hivyo ndivyo Mungu anavyojua, mtu anayekua katika kumjua atabakije akiwajua watu kwa mbali?

Tuliondoka na karatasi yenye swali moja: Mungu anajua nini juu ya mtu huyu, ambacho wewe hujajishughulisha kukijua? Kila mmoja alitakiwa kuchagua mtu mmoja anayemwona kila siku.

Ninaye kijana anayejifunza kazi kwangu, mwaka wa pili sasa. Kwa desturi niliyoikuta, mwanafunzi halipwi mshahara. Hupewa kitu kidogo mwisho wa mwezi, kadiri fundi atakavyojaliwa. Nilikuwa nimeona kwamba vipande vya vikwembe vinavyobaki mezani vinapungua, na maneno ya kumfukuzia nilikwisha kuyapanga kichwani. Yeremia alinikuta hapohapo. Jumapili nilikwenda kwao Ndosho, nikaketishwa kwenye kiti pekee cha nyumba ya mbao yenye vyumba viwili, ambamo alikuwa anaishi na mama yake, na shangazi aliyekimbia Masisi, na watoto wanne wa shangazi huyo. Wawili kati ya watoto walikuwa wamevaa vishati vilivyoungwa kwa vipande vyangu, rangi tano katika kifua kimoja, na mishono yake ilinyooka kuliko ile anayonifanyia dukani. Vipande vingine alikuwa ameviuza Birere, wala hakukana.

Sikumwambia kwamba kuchukua bila kuomba ni sawa, na mama yake naye alimkemea mbele yangu. Lakini nilikaa saa nzima, na katika saa hiyo nilielewa jambo ambalo huruma ya dukani isingenifundisha: kwa kuwa hela yangu huja mwisho wa mwezi, mama yake hununua unga kwa deni, kipimo kidogo kidogo, kwa bei ya juu, na siku ninapotoa hela yote huenda kwa mwenye kibanda. Kuanzia wiki ile namlipa kila Jumamosi, kwa kila nguo aliyoishona, na vipande anaviomba. Hela yenyewe haijaongezeka sana. Shemeji wa mabati yumo kwenye karatasi yangu ya pili, ambayo bado haijajazwa.

Wiki ya 8 darasa lilikwenda Bulengo, kambi ya watu waliokimbia vita, mwaka ule wa 2024 ambapo kambi zilizouzunguka mji zilikuwa zimejaa kuliko tulivyowahi kuziona. Tulipeleka magunia mawili ya maharagi tuliyochanga, tukapiga picha, tukaomba. Mama mmoja aliyepokea kipimo chake alishukuru vizuri, kisha akasema kwa upole: «Papa, maharagi haya yanakula makala kuliko watoto wangu wanavyoyala yenyewe.» Makala kwetu ni mkaa, na maharagi huchukua muda kuiva. Ilibainika kwamba wengi wangeuza maharagi yetu kwa bei ya kutupa ili wanunue unga na makala. Mama Mwalimu alijilaumu hadharani kwa kutouliza kabla, akafungua Wafilipi 1:9 palepale tukiwa tumesimama, akaisoma bila kuongeza neno. Safari ya pili tulipeleka unga, makala na sabuni, na mimi nilipeleka sindano na uzi, kwa sababu ndivyo nilivyoombwa.

Sasa kasoro. Saa kumi na nusu ya tangazo ni saa kumi na moja kasoro ya kweli, kwa sababu ya kuwangoja wakubwa wa kanisa. Kijitabu kimechapwa vibaya. Changu kina kurasa nne zilizogeuzwa juu chini. Umeme ukikatika huwashwa jenereta iliyowekwa chini ya dirisha, na waliokaa nyuma hawasikii kitu. Wiki ya 6 ilipotea yote kwa herufi za Kigiriki, ambazo tulizinakili ubaoni kama watoto wa shule ya msingi, na sikuona mtu aliyetoka siku ile anampenda jirani yake zaidi.

Kasoro kubwa ni nyingine. Wiki ya 7 mzee mmoja, ambaye nyumba yake kijijini ilichomwa, aliuliza kama kumjua Mungu zaidi kutamfanya awapende waliochoma. Hakuuliza kwa ukali. Mama Mwalimu alifunga daftari, akasema hawezi kulijibu swali hilo kwa dakika tano zilizobaki, na kwamba tutalipa nafasi wiki ya mwisho. Nilimheshimu kwa kutomrushia mzee mstari mmoja na kumwambia aende kwa amani. Lakini wiki ya mwisho ililiwa na harambee ya mabati ya paa la kanisa, nusu saa nzima, kisha picha na soda, na mzee yule alikaa na daftari lake wazi magotini hadi watu walipoanza kupanga mabenchi. Darasa linalofundisha kwamba upendo una ufahamu wa kupima yaliyo bora lilishindwa kupima hapo. Niliwaambia waandaaji, na walilipokea bila kununa.

Pamoja na hayo, ningewashauri watu waende, hasa wale ambao, kama mimi, wana vyeti ukutani. Asiyesoma Kifaransa asiogope: mafundisho yote ni kwa Kiswahili, na vijana wenye Biblia za Kifaransa hutafsiriwa wao. Njoo na Biblia mbili za tafsiri tofauti ukiweza, Union na Habari Njema, kwa sababu kulinganisha maneno ni nusu ya utamu wa darasa, na njoo na kitu cha kukalia, kwa kuwa mabenchi ni mbao tupu. Majina huandikwa Jumapili baada ya ibada. Mzunguko ujao ni wa Barua kwa Wakolosai. Nimejiandikisha pamoja na mwanafunzi wangu, na waandaaji wamekubali kwamba jioni ya kwanza itafunguliwa na swali la yule mzee.