TAHADHARI: "Cat6 shaba tupu" ya bei ya kutupa, Kampala mjini

Wadau, hasa mafundi wa mitandao na nyinyi wenye ofisi mnaojinunulia kebo wenyewe: kuna duka kwenye arkedi moja huku chini mjini, si mbali na soko la jumla la Kikuubo, linauza maboksi ya kebo za mtandao za Cat6 "shaba tupu, mita 305" kwa shilingi 290,000. Majirani zake hawakuachii mzigo wa namna hiyo chini ya 480,000. Nilichukua maboksi manne. Jina la duka silitaji, na lisingewasaidia: kibao kimeshabadilishwa mara moja tangu nianze kufuatilia pesa zangu. Mshikeni kwa mbinu zake.

Jamaa ni mkarimu. "Karibu ssebo (bwana)," kiti, soda ya baridi. Ukimuuliza kama kweli ni shaba hakasiriki hata kidogo, anakuonyesha. Anatoa sumaku, anaigusisha kwenye waya, haikamati. "Umeona? Si chuma." Kweli si chuma. Ila alumini nayo haikamatwi na sumaku! Kipimo hicho humuumbua anayeuza chuma kilichopakwa shaba, na huyu hauzi chuma, anauza alumini iliyopakwa shaba. Kisha anaokota kipande cha kebo pale mezani, anakikwaruza kwa kisu, ndani chekundu mpaka kwenye kiini. Nilipokuja kukumbuka vizuri, kipande kile kilikuwa mezani kabla sijaingia. Hakikukatwa kutoka boksi langu. Mwisho anachomeka testa ndogo ya taa nane, zinawaka moja baada ya nyingine, moja mpaka nane. Miaka kumi na moja kwenye kazi hii, nikahesabu noti.

Kazi ilikuwa ofisi ya ghorofa tatu kule Nakawa: simu za IP (zinazopita kwenye mtandao wa kompyuta), kamera kumi na sita zinazopata umeme kutoka kwenye swichi (kile kifaa kinachounganisha vifaa vyote vya mtandao) kupitia kebo ileile, na laini ya E1 ya kampuni ya simu, inayobeba simu nyingi kwa pamoja, kwa ajili ya switibodi yao, mtambo wa kugawa simu za ofisi. Wiki ya kwanza mteja akaanza kupiga. Kamera tatu za mbali, zilizo karibu mita 90 kutoka kwenye swichi, mchana safi kabisa, usiku zinazima na kuwaka. Nikailaumu swichi. Nikanunua nyingine, kwa pesa yangu. Yaleyale. Kumbe giza likiingia kamera huwasha taa zake za infraredi na kuvuta umeme zaidi, na waya mbovu unaumeza umeme huo njiani. Kompyuta za ghorofa ya juu nazo zilikuwa zinaongea na swichi kwa megabiti 100 badala ya 1,000, na mimi nikajidanganya eti ni mipangilio.

Ukweli uliniangukia mkononi. Nilikuwa narudia kufunga soketi moja, waya ukakatika. Nikafunga tena, ukakatika tena. Shaba haifanyi hivyo, hujipinda na kuvumilia. Nikaukwaruza kwa wembe: juu ngozi nyekundu, ndani mweupe kama kijiko.

Basi nikaingia stoo kwenye maboksi mawili yaliyobaki na kufanya nilichopaswa kufanya dukani. Moja nililifungua lote na kusoma namba za mita zilizochapwa kwenye ganda la kebo. Zinaanzia sifuri na kuishia 268. Mita 37 zimeliwa hata kabla ya habari ya alumini. Nyaya nane za kebo husokotwa mbili mbili, jozi nne; nikaunganisha nyaya mbili za jozi moja upande wa mwisho, nikapima kwa multimita upande wa mwanzo. Shaba ya 24 AWG (AWG ni kipimo cha unene wa waya), ukiipima hivyo, husoma kama omu 17 za ukinzani wa umeme kwa kila mita 100, na viwango vya TIA, chama cha Marekani cha viwango vya mawasiliano, haviruhusu kuvuka 19. Ya 23 AWG, ambayo ni nene zaidi, husoma chini ya hapo. Kwa mita 268 nilitegemea 45, basi. Ilisoma 70. Alumini hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 61 tu ya shaba, na huo mpako mwembamba wa juu hauokoi kitu. Kebo ya namna hii haina kategoria yoyote (hiyo "Cat" ya kwenye jina): viwango vya kebo vya TIA-568 na ISO/IEC 11801 vyote vinataka shaba, kwa hiyo hilo neno Cat6 juu ya boksi ni wino tu. Na ukizifunga ishirini pamoja zikibeba umeme wa kamera, zinapata joto. Mimi fungu langu nililishika kwa mkono na sikulipenda.

Uzito pia ungenistua kama ningetumia akili. Nyaya nane za 24 AWG za mita 305 zina shaba ya kilo nne na nusu, hapo hujaweka plastiki. Boksi lile boda alilipakata mapajani huku akiendesha.

Sasa hiyo laini ya E1, ambapo kosa nusu ni langu. Nilitaka waya wa mita 20 kutoka kwenye kifaa cha kampuni ya simu chini hadi kwenye switibodi juu, na nikamwambia kijana wa duka anifungie vichwa, zile plagi za mwisho wa kebo, palepale kwa sababu nilikuwa na haraka. Kwanza alitaka kunipa waya bapa wa simu ya mezani, "si ni laini ya simu, ssebo?" Hapo nilikataa. E1 ni kidijitali, megabiti 2.048 kwa sekunde, njia 30 za sauti ndani yake, na inataka jozi zilizosokotwa za omu 120. Basi akafunga kebo ya kawaida. Lakini alipanga rangi jozi kwa jozi, pini 1 na 2, 3 na 4, 5 na 6, kama mtu anayepanga viatu. E1 hutumia 1 na 2, kisha 4 na 5. Kwa mpangilio wake, 4 ilitoka jozi moja na 5 ikatoka nyingine, na faida yote ya kusokotwa, yaani kuzuia mwingiliano wa ishara, ikapotea. Testa ya taa nane hailioni kosa hilo. Inaona tu kwamba kila pini imefika upande wa pili. Simu zikawa na mikwaruzo, nyingine zinakatika katikati ya maongezi, na kampuni ya simu ikashinda siku mbili ikitafuta ubovu usio wao. Nilipofunga upya kwa mpangilio wa kawaida wa rangi uitwao T568B, ambao huweka jozi ya buluu kwenye 4 na 5, makosa yakaisha saa ileile.

(Wale mnaovuta kebo kutoka jengo moja kwenda jingine, kwa radi zetu hizi za kando ya ziwa, hata shaba halisi iacheni. Vuteni faiba, kebo ya nyuzi za kioo inayobeba mwanga badala ya umeme.)

Nilirudi dukani na kipande na wembe. Soda safari hii haikuja. "Mali ikitoka hairudi." Nikaomba risiti yangu isomwe: imeandikwa "kebo, maboksi 4", hakuna neno shaba, hakuna Cat6. Kwa hiyo ukinunua popote, mwambie muuzaji aandike kwenye risiti aina, "shaba tupu" na mita, kisha mkate kipande kutoka boksi unalobeba wewe, si la mezani. Akisita kuandika, ondoka. UNBS, shirika la viwango la Uganda, ndio wanaohusika na bidhaa zisizokidhi viwango, lakini bila risiti inayosema ulichouziwa utakuwa unasimulia hadithi.

Mteja amenikata gharama ya swichi na siku nne za kazi, na nyaya za ghorofa ya juu nimezing'oa zote. Siku hizi jamaa anatangaza kwenye makundi ya WhatsApp kwa picha ya boksi la buluu, bei imeshuka hadi 270,000 na anasema analeta mpaka mlangoni. Boksi langu moja bado halijafunguliwa. Aliye Kampala na anataka kuona kabla hajatuma pesa, anitumie ujumbe, aje na wembe wake.