Seti ya injini ya baiskeli ya "cc 80": ikigoma kuwaka, anza na cheche

Naizungumzia ile seti ya Kichina ya mipigo miwili inayofungwa katikati ya fremu, tangi juu, mnyororo wa pili upande wa kushoto. Boksi linasema cc 80. Pima mwenyewe: silinda milimita 47, pistoni inatembea milimita 38, jibu ni cc 66. Chuma chake ni kizuri kwa bei yake. Naipa nyota tatu kati ya tano, na mbili zilizopungua zimeliwa na plagi, nyaya na kabureta, kwa sababu ndizo zinazoifanya igome.

Kwanza hakikisha unaiwasha inavyotaka. Fungua koki ya petroli, pandisha choki juu kama injini ni baridi, bonyeza kile kitufe cha kabureta mara mbili au tatu. Shika klachi, piga pedali hadi baiskeli ishike mwendo, achia klachi huku ukiendelea kupiga pedali na kuvuta mafuta kidogo, yaani kuzungusha mkono wa mafuta kwenye usukani. Ikishapata joto, teremsha choki. Wengi wanaiacha juu, plagi inalowa, kisha wanaanza kufungua kabureta bure.

Imegoma? Ng'oa plagi, irudishe kwenye kofia yake, ilaze chuma kwa chuma juu ya kichwa cha silinda, mbali na petroli iliyomwagika. Nyanyua tairi la nyuma, klachi ikiwa imeachiwa, zungusha pedali. Unataka cheche ya buluu. Ikiwa hakuna, usinunue CDI mpya kwanza, kile kiboksi kinachotuma umeme wa cheche kwenye plagi. Chomoa swichi ya kuzimia, maana ndiyo inayoleta shoti mara nyingi kuliko kingine chochote, kisha unga buluu kwa buluu na nyeusi kwa nyeusi kati ya koili (ile ya ndani ya injini inayozalisha umeme) na CDI. Waya mweupe haumo kwenye kazi hii. Ufunge ncha yake kwa utepe, usiguse fremu wala waya mwingine. Kofia ya plagi imeskrubiwa kwenye waya mnene: ifungue, kata milimita 5 za waya, iskrubu tena. Bado? Chomoa koili kwenye CDI, weka mita ya umeme, ikiwa kwenye omu, kati ya buluu na nyeusi za koili. Omu 300 hadi 400 ni salama. Sifuri au kukatika kabisa ni koili iliyokufa. Fungua na kifuniko chake uangalie maji, hasa baada ya mvua, halafu ziba kwa silikoni pale nyaya zinapotokea.

Plagi ya boksini siitumii kabisa. NGK B6HS inaingia bila marekebisho. Weka pengo la milimita 0.6 kati ya ncha zake mbili.

Cheche ipo, sasa itazame plagi. Imelowa: funga koki, teremsha choki, zungusha mkono wa mafuta hadi mwisho na uzungushe injini mpaka ikauke. Kavu: petroli haifiki. Chomoa mpira kwenye kabureta; ikidondoka matone badala ya kutiririka, chujio la koki limeziba, au tundu la hewa la kifuniko cha tangi. Ikitiririka vizuri, fungua bakuli la kabureta usafishe jeti, kile kitundu kinachopitisha petroli, kwa hewa au uzi wa kuvulia samaki. Usitumie sindano, inapanua tundu. Kaza pia boliti mbili za bomba la hewa na klempu ya kabureta. Hewa ikipenya hapo mchanganyiko unakuwa mwepesi na injini inakohoa tu.

Kuhusu oili: 16 kwa 1 ni mililita 62 za oili kwa lita ya petroli, ya kipindi cha kulainisha injini, baadaye 20 kwa 1, yaani mililita 50. Oili iwe ya mipigo miwili yenye alama ya JASO FC, daraja la ubora la Kijapani. Ile ya bodaboda haifai hata tone. Mchanganyiko uliokaa mwezi, mwaga.

Kompresheni naiangalia mwisho. Plagi ikiwa mahali pake na klachi imeachiwa, sukuma baiskeli: tairi la nyuma linapaswa kukataa. Likizunguka laini na injini haitembei, legeza kebo ya klachi kwanza, imebanwa mno. Injini ikizunguka lakini bila ukinzani, kaza nati za kichwa kwa mkingamo, kidogo kidogo, kisha kagua gasketi.