Uzoefu wangu: fundi wa turubai alivyonisaidia kupata wimbi nyuma ya boti ya jeti

Naandika hii kwa sababu mwaka jana nilitafuta sana mtu wa kunieleza haya mambo kwa boti kama yangu nikakosa, kila nilichoona ni boti za mamilioni zenye matangi ya maji tangu kiwandani, na mi nina boti ya jeti ya futi 19, injini moja ya lita 1.8 isiyo na tabo (turbo, ile ya kuisukumia injini hewa), nimenunua mkononi. Shida yangu ilikuwa moja. Nataka wimbi la nyuma la kusimama na ubao, uteleze, uachilie kamba na ubaki palepale unasukumwa na maji. Boti ilikuwa inatoa kijiwimbi cha chini ya goti na povu jeupe katikati, ukiachilia kamba sekunde mbili tu ushabaki nyuma unaelea.

Na mtu asiniulize kwa nini sikununua boti ya injini ya kuning'inia nyuma ambayo ni rahisi kupata, hiyo propela iko palepale mtu anapoangukia, usiteleze nyuma yake hata ukilipwa. Jeti inavuta maji kwa chini na kuyasukuma kwa nyuma, hakuna propela inayozunguka wazi. Lakini hiyo faida ina bei yake, maana boti za jeti ni nyepesi na tumbo lake halizami sana, na boti isiyozama haisukumi maji mengi, na maji yasiposukumwa wimbi litatoka wapi.

Basi nikaanza na uzito kama kila mtu. Nilienda kwa fundi mmoja Industrial Area, Nairobi, upande wa Lunga Lunga Road, kazi yake ni kushona turubai za malori na mahema. Nikamchorea mfuko kwa chaki pale sakafuni akauangalia weee, akauliza, "Boss, hii ni godoro ama?" Nikamwambia ni mfuko wa maji fundi, unakaa ndani ya boti. Akacheka kidogo halafu akaanza kuuliza maswali ya maana, maji yanaingilia wapi, yanatokea wapi, utakaa juani ama kivulini, hapo nikajua nimefika kwa mtu. Tukakubaliana mifuko mitatu, miwili ya lita 120 na mmoja mdogo wa lita 60, jumla 300. Lita ya maji ni kilo moja kwa hivyo hapo nimeongeza kilo 300, ni kama kupakia watu wanne wazima. Tafadhali angalieni kile kibandiko cha uzito karibu na usukani kabla hamjajaza chochote, changu kinasema mwisho kilo 680 watu na mizigo pamoja, nikitoa maji nabaki na nafasi ya watu wanne na vitu vyao, wa tano anabaki ufukweni hata akinuna.

Mara ya kwanza mifuko ilifeli. Fundi alishona kwa uzi kama anavyoshona turubai za lori, kisha akapaka gundi juu ya mshono. Kwa lori iko sawa, mvua inapita juu na kuteremka, lakini mfuko uliojaa unasukuma kutoka ndani masaa mawili matatu. Tulikuwa Naivasha, nimeinama kufunga hosi, nikaona ule mshono unatoa machozi, kila tundu la sindano lina tone lake limejipanga kama shanga, tone linakua, linaanguka, lingine linatoka. Baada ya nusu saa maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu na pampu ya kutoa maji chini ya boti inalia bila kupumzika. Nilikasirika kwa sababu nilikuwa nimelipa yote.

Lakini hapa ndipo fundi aliponishinda. Nilimrudishia Jumatatu, hakubishana, akaingiza kidole kwenye mshono akasema hii ni kosa langu mzee, maji si mvua. Akakata mishono yote, akalaza kitambaa juu ya kitambaa upana wa kama vidole vitatu, akachomelea kwa ile mashine ya hewa moto huku anafuata nyuma na kiroli kidogo cha mpira anakandamiza. Hakuna uzi hata mmoja. Akaongeza na tundu la pili juu kabisa la kutoa hewa na maji ya ziada, ili pampu ikijaza kupita kiasi mfuko usivimbe kama chura. Alinilipisha kitambaa tu. Mpaka leo haijavuja, na nimeitumia mara nyingi. Mkienda kwa fundi yeyote semeni mapema, kuchomelea, sio kushona.

Pampu ni ya volti 12, nazamisha upande wa nje, inajaza mfuko mkubwa kwa dakika kama 6. Jazeni mpaka ujae kabisa au muache mtupu, mfuko nusu maji yanakimbia ndani yakiteremkia upande mmoja ukikata kona na boti inalala vibaya.

Sasa Naivasha ikanifunza jambo la pili. Ziwa liko juu mita 1,880 na kitu, na injini isiyo na tabo inapoteza nguvu kama asilimia 3 kwa kila mita 300 unazopanda, piga hesabu, karibu sehemu moja kwa tano ya nguvu haipo kabla hata hujapakia maji. Na kilo 300 ndani, boti iliinua pua ikabaki imeinua, inaunguruma tu. Nikabadilisha impela, ile feni iliyo ndani ya jeti inayosukuma maji, nikaweka yenye mapanga yaliyolala kidogo, inashika maji kidogo kwa kila mzunguko lakini injini inapata pumzi, ikaanza kusukuma vizuri kwa mwendo mdogo. Kasi ya juu ilipungua na siijutii, kuteleza kwenyewe ni kilomita 16 hadi 19 kwa saa.

Naivasha sisi tunajaribu boti tu, hakuna mtu anashuka majini. Viboko wako, wanaua watu kila mara, na mtu aliyeanguka anaelea na jaketi ni kama umemwekea kiboko chakula cha hasira. Halafu yale magugu maji, kipande kimoja kikiingia kwenye mdomo wa kuvutia maji boti inakufa nguvu hapo hapo. Zima injini kabisa ndo utoe, na nywele ndefu na kamba za nguo zisikaribie huko chini.

Lakini kitu kilichobadilisha wimbi si maji ya mifuko. Ni bamba, na lilinigharimu chini ya elfu sita. Wimbi la kuteleza linazaliwa pale maji ya kushoto na ya kulia yanapokutana nyuma ya boti. Yakikutana haraka na kwa pamoja yanagongana, yanakuwa povu. Ukichelewesha upande mmoja, upande wa pili unapata nafasi ya kusimama na kujikunja vizuri. Kwa hivyo ukitaka wimbi la kushoto, bamba linakaa kulia. Mimi mwenyewe nililiweka kushoto siku ya kwanza na nikashangaa kwa nini wimbi limeharibika zaidi.

Tulitengeneza na yule yule fundi. Plastiki nene nyeupe, ile ya mbao za kukatia nyama buchani, upana kama wa mkono uliofunguka, tukafunga kwa bolti kwenye vikombe viwili vya kunyonya vya mafundi wa vioo, ile mikono wanabebea vioo vya madirisha. Unakausha ubavu wa boti, unapaka mate kidogo kwenye mpira (kweli kabisa, fundi wa vioo ndo alituonyesha), unakandamiza karibu na kona ya nyuma, bamba lichomoze ndani ya maji limekaa kiupande. Lifungwe na kamba fupi na kaboya kadogo maana siku moja litabanduka tu, na kamba ikiwa ndefu jeti itaimeza.

Kujaribu kwa miguu yetu tulienda Kilifi, tukashikia Mariakani tukapita Kaloleni mpaka Mavueni kukwepa msongamano wa Mombasa na trela nyuma. Kule kwa kiwango cha bahari injini ikawa ni injini nyingine. Mifuko miwili nyuma kushoto, ule mdogo mbele kushoto ili wimbi lirefuke, kilomita 17 kwa saa, wimbi likapita goti langu na upande wake ukawa laini kama kioo, povu limebaki katikati huko na shughuli zake. Nikaachilia kamba. Mke wangu alikuwa anahesabu kwa sauti, alifika 31 kabla sijaanguka, na nilianguka kwa sababu nilianza kupiga kelele.

Dereva wa jeti ajue hili, mtu akianguka usirudishe gesi mpaka sifuri halafu ukazungusha usukani, jeti bila kusukuma maji haina usukani. Acha gesi kidogo, zunguka pole pole, ukimkaribia mtu uzime. Na asining'inie nyuma injini ikiwaka, ule moshi una gesi isiyo na harufu, inalewesha mtu akazama kimya kimya.

Siku ya pili mzee mmoja kwenye mtumbwi alitupungia mkono tukadhani anatusalimia. Tulipofika karibu akasema, "Mwanangu, wimbi lako hili lanipindua mie." Nikamwambia shikamoo baba, nisamehe. Akaitikia marahaba halafu akanionyesha nyavu zake zilipo, na akatuelekeza mahali penye kina mbali na mitumbwi, tungoje maji yajae. Alikuwa sahihi mara mbili, maana tulipohamia kule wimbi liliinuka zaidi, maji ya kina kifupi yanalidumaza na jeti inavuta mchanga. Wimbi dogo la zamani lisingemsumbua, hili jipya lazima nilichunge. Sai kabla ya kujaza mfuko wa kwanza nauliza wavuvi kwanza.

Gharama zote, mifuko, pampu, hosi na bamba, ni kama elfu 41, impela mbali, hiyo ndo ilikuwa ghali. Kama pesa ni ya kitu kimoja anza na bamba, mifuko ije baadaye. Fundi nampa nyota nne kati ya tano, moja nimeitoa kwa ile mishono ya kwanza na yeye mwenyewe anajua. Ukirudi kutoka baharini osha jeti na maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, kausha mifuko kabla hujaikunja, itanuka.

Binti ya dada yangu anasimama na mguu wa kulia mbele kwa hivyo anataka wimbi la upande wa pili, na bamba langu limekatwa kwa upande mmoja. Lake tayari limechorwa kwa chaki pale Lunga Lunga, naenda kulichukua Jumamosi.